Vitabu, Filamu na Nyimbo Zilizokaa Nasi Kambini Mwaka Mzima

Mwaka 2025 umetupa kisogo, na kabla mambo yake hayajafifia katika fikira zangu, nimeona si vibaya kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu, hasa akina mama wenzangu wa kambi za jeshi na nyumba za polisi, juu ya vitabu, filamu, muziki na matangazo ya redio yaliyoishi nyumbani kwangu katika miezi ile kumi na miwili. Mimi si mhakiki, wala sikufundishwa fasihi zaidi ya ile ya sekondari. Ni mke wa askari, mama wa watoto wanne, na biashara yangu ni kuuza vitenge na mafuta ya kupikia karibu na lango la kambi. Kwa hiyo mtu asitarajie kupata hapa orodha ya kazi bora za dunia. Nyingi kati ya hizi ni za zamani. Lakini kitabu ambacho mtu hajakisoma ni kipya kwake, hata kama kilichapwa kabla mama yake hajaolewa.

Mwezi wa Februari baba watoto alikwenda Somalia pamoja na kikosi chake. Askari wa Uganda wamekuwa huko tangu Machi 2007, na jina la shughuli hiyo limebadilika mara kadhaa: ilikuwa AMISOM, ikawa ATMIS mwaka 2022, kisha ikawa AUSSOM kuanzia Januari 2025. Kwa sisi tunaobaki, mabadiliko ya jina hayabadilishi kitu. Upande mmoja wa kitanda huwa mtupu, na simu hulala chini ya mto. Wiki ya kwanza majirani huja kukaa nawe. Wiki ya pili hukuuliza habari wakipita. Wiki ya tatu kila mmoja hurudi kwenye mambo yake, na hapo ndipo jioni zinapoanza kuwa ndefu. Nikaamua kwamba kila siku baada ya chakula, vyombo vikishaoshwa, tutakuwa na saa moja ya kusoma kwa sauti au kusikiliza kitu pamoja, wakubwa kwa wadogo, na kwamba kila mtu ataruhusiwa kusema lililomchukiza.

Baada ya miezi michache niligundua kwamba nilikuwa na kipimo kimoja ambacho sikukipanga. Kila tulipomaliza kitabu au filamu, swali langu lilikuwa lile lile: je, kazi hii inamkumbuka anayebaki nyumbani?

Kwa kipimo hicho, filamu iliyotuchekesha kuliko zote ndiyo iliyoshindwa vibaya kuliko zote. Naizungumzia ile iitwayo Who Killed Captain Alex, iliyotengenezwa na Nabwana I.G.G. huko Wakaliga, Kampala, mwaka 2010. Wengi mnaifahamu. Imetengenezwa kwa fedha kidogo mno, kwa bunduki za vyuma chakavu na mbao, na helikopta zilizochorwa kwa kompyuta ambayo mwenyewe aliiunga kwa vipande. Juu ya filamu nzima husikika sauti ya yule msimulizi tunayemwita VJ, akiwatania wachezaji na kuwashangilia kama mtangazaji wa mpira. Wanangu wadogo waliitazama mara nne, na mdogo kabisa akawa anatembea uani akijirushia mateke. Nami nilicheka hadi machozi. Hata hivyo, Kapteni Alex anauawa kabla hadithi haijafika mbali, ndugu yake anakuja kulipiza kisasi, watu wanaanguka kama majani ya mgomba wakati wa upepo, na katika vifo vyote hivyo simkumbuki hata mama mmoja anayeletewa habari. Muuaji wa Alex hajulikani mpaka mwisho. Jirani yangu, mke wa sajini, aliyekuja kutazama na mwanawe mgongoni, aliuliza swali ambalo msimulizi hakulijibu: “Huyu kapteni hakuwa na mke? Mafao yake anachukua nani?” Tukacheka tena, lakini si kicheko kile cha kwanza.

Hapa niseme neno juu ya lugha. Kambini watoto wetu huzungumza Kiswahili kwa sababu baba zao wametoka kila pembe: huyu Mlugbara, huyu Mnyankole, huyu Mwacholi, huyu Mteso. Wakitoka nje ya lango hukutana na wenzao wanaokiona Kiswahili kuwa lugha ya amri na ya kutisha. Siwalaumu. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo halikukiongezea marafiki, maana watu wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni, nami nilifurahi. Lakini mtoto hapendi lugha kwa sababu ya uamuzi wa mawaziri. Huipenda kwa sababu kuna siku ilimfanya asahau kwenda kulala. Ndiyo maana vitabu vyetu karibu vyote vya mwaka huo vilikuwa vya Kiswahili. Nilitaka wanangu waisikie lugha hii ikibembeleza, ikidanganya, ikilia na ikifanya mzaha.

Kitabu cha akina mama, na ninamaanisha cha akina mama wa safu yetu yote ya nyumba, kilikuwa Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa ya kazi ya Mwuganda mwenzetu Okot p'Bitek, aliyefariki mwaka 1982. Utungo huo ulianzia katika Kiacholi, ukatoka kwa Kiingereza mwaka 1966 na kusomwa duniani kote. Nilipata nakala kuukuu isiyo na jalada kutoka kwa mwalimu mstaafu. Tuliisoma mchana, tukichambua maharagwe chini ya mwembe, mmoja akisoma na wengine mikono ikifanya kazi.

Kama hujakisoma, habari yenyewe ni hii. Lawino ni mke wa Ocol, na Ocol amesoma, amekuwa mtu wa siasa, na sasa anamwona mkewe mshamba. Amempenda Clementine, mwanamke wa mjini anayejipodoa uso. Lawino haoni haya kusema. Anasema juu ya ngoma za kwao, juu ya nywele, juu ya saa ya ukutani inayomtawala mumewe, juu ya vitabu vilivyojaa nyumbani hadi mwenye nyumba akapoteza uume wake ndani ya msitu wa karatasi. Na anasema sana juu ya jiko: jiko la kizungu linamtisha, na anamtembeza msikilizaji katika jiko la mama yake, akimwonyesha mafiga, kuni, vyungu, na kila kitu mahali pake.

Sehemu hiyo ya jiko ilizusha ugomvi mzuri. Mama mmoja wa makamo alipiga makofi na kusema Lawino ameshinda kesi. Lakini mke kijana wa nyumba ya mwisho, ambaye mumewe amemnunulia jiko la gesi, alijibu bila woga: “Dada zangu, Lawino na apike kwa kuni akipenda. Mimi nimekohoa moshi tangu nina miaka saba. Kwa habari ya jiko, niko upande wa Ocol.” Tukamzomea, kisha tukaenda wote kuliona hilo jiko la gesi. Hukumu yangu ni kwamba Lawino hakosei hata pale anapokosea, kwa sababu kinachomuuma hasa si jiko. Ni mtu kukaa nyumba moja nawe kila siku huku moyo wake umeshahama. Wanawake wanane tuliokuwa chini ya mwembe, kila mmoja kwa wakati wake aliacha kuchambua maharagwe.

Redio nayo isisahauliwe. Mwezi wa Agosti nchi tatu, Kenya, Tanzania na Uganda, zilikuwa wenyeji wa mashindano ya CHAN, na kwa mara ya kwanza nilijikuta nasikiliza mpira kwa hiari yangu. Jioni ya Agosti 23, Senegal ilipotufunga 1–0 pale Namboole katika robo fainali, baba watoto alikuwa akisikiliza kule aliko na sisi tukisikiliza huku, na ujumbe wake ulifika baada ya kipenga cha mwisho ukiwa na neno moja tu, ambalo sitaliandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Fainali ya Agosti 30 pale Kasarani, Moroko ikiishinda Madagaska 3–2, nilishangilia Madagaska, bila sababu yoyote isipokuwa kwamba walikuwa wadogo.

Mwishoni mwa Mei kulikuja habari ya kifo cha Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Marekani tarehe 28 mwezi huo. Sisi wa Uganda tuna fungu letu kwake: alisoma Makerere, na tamthilia yake The Black Hermit ilichezwa katika Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho, Kampala, mwaka 1962 tulipopata uhuru. Wiki iliyofuata tulianza Shetani Msalabani, toleo la Kiswahili la mwaka 1982 la kitabu alichokiandika kwa Kigikuyu katika gereza la Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za msalani. Binti yangu mwenye miaka kumi na minne alikataa kuamini jambo hilo la karatasi mpaka alipochukua kipande akajaribu kuandika mistari mitatu. Karatasi ya kwetu ilipasuka. Hadithi yenyewe ina mkutano wa wezi na wanyang'anyi wanaoshindana hadharani, kila mmoja akipanda jukwaani kueleza jinsi alivyoiba, ili apewe taji. Ninaipendekeza kwa askari polisi. Ina hotuba ndefu zaidi ya kiasi, na baadhi ya usiku wadogo walisinzia, lakini Wariinga, msichana anayeanza hadithi akiwa amekata tamaa na baadaye akajifunza ufundi wa magari, aliamsha kila mtu.

Polisi hao hao nawakumbusha pia Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960. Bwana Msa ana kiko mdomoni, na rafiki yake Najum huwa nyuma hatua moja kama sisi wasomaji. Anawaacha watu waseme wapendavyo juu ya mizimu, naye anatafuta mtu wa nyama na damu. Tulikimaliza kwa siku tano, na kwa muda wa wiki nzima sikuweza kupoteza kijiko bila mtoto kujitolea kufanya uchunguzi.

Kwa muziki sitasema mengi, maana muziki ni wa kusikiwa. Afrigo Band ilianzishwa mwaka 1975, ndiyo kusema mwaka jana ilitimiza miaka 50, na Moses Matovu na saksafoni yake wapo tangu siku ya kwanza. Bendi iliyopita katika serikali zote hizo, vita vyote hivyo na amri zote za kutotoka nje usiku, ikaendelea kupiga, inastahili saluti. Jumamosi jioni tulizipiga nyimbo zao kwa simu iliyotiwa ndani ya sufuria ili sauti itoke kubwa. Sufuria ya aluminiamu ndiyo bora.

Filamu iliyonigusa ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021, kutokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Niliiona nilipokwenda Dar es Salaam kumtembelea dada yangu. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mtu mzima kuliko yeye, anatoroka, na anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru. Picha zake ni nzuri hadi mtu anatamani kuigusa rangi ya kuta. Polisi wa mkoloni wamo humo, nao ni Waafrika na Waswahili kama wale wanaowakimbiza. Hilo lilinikaa moyoni kuliko mapenzi yenyewe. Nilitoka hapo nikiwa na hamu ya kuuliza jambo juu ya watu waliovaa sare za wageni, na jibu nililipata katika kitabu ambacho dada yangu alinipa siku ya kuondoka.

Kitabu hicho ni Peponi. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kuhamia Uingereza akiwa kijana, alikiandika kwa Kiingereza kikatoka mwaka 1994. Alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakakitoa kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mtu asiyeambiwa kwamba ni tafsiri hatajua. Nilihisi kana kwamba kitabu kilikuwa safarini muda mrefu na sasa kimefika kwao.

Kijana wangu mkubwa ndiye aliyepewa kazi ya kusoma, kwa kuwa ana sauti nzuri na kwa kuwa nilitaka akae nyumbani jioni. Amemaliza sekondari. Tangu alipokuwa na miaka kumi amekuwa akisema ataingia jeshini kama baba yake, na sasa amefikia umri ambao maneno hayo si mchezo tena. Baba yake alipotupigia simu na kusikia tunasoma, aliomba asomewe naye. Basi kijana akawa anajirekodi kwenye simu, sura kwa sura, na kuzituma kwa WhatsApp kila mtandao uliporuhusu. Baada ya wiki mbili tuliambiwa kwamba wenzake baba hukaa naye kusikiliza, na kwamba sura ikichelewa kuna koplo mmoja hulalamika kana kwamba amenyimwa posho.

Peponi ni habari ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye baba yake anadaiwa na tajiri aitwaye Aziz. Kwa kuwa deni halilipiki, mtoto anachukuliwa awe rehani. Yeye anadhani anakwenda kumtembelea mjomba. Ni Khalil, rehani mwenzake aliyetangulia, anayemfungua macho dukani: yule si mjomba wako. Kuna bustani nzuri nyuma ya ukuta, kuna bibi wa nyumba asiyeonekana, kuna msafara wa biashara unaokwenda bara, kupita ziwa, hadi kwa mtawala aitwaye Chatu ambako mali yote inaporwa. Na kila wanapopita, wanasikia habari za Wajerumani wanaokuja, mpaka siku Mjerumani anapotokea mwenyewe na kumwamuru Chatu arudishe mali, na kila mtu anaelewa kwamba zama zimegeuka.

Sura ya mwisho tuliisoma usiku wa mvua. Vita vinakaribia. Askari wa Wajerumani, Waafrika wakiongozwa na ofisa wa Kizungu, wanaingia mjini na kukamata watu wawe wapagazi. Yusuf na Khalil wanajificha. Kikosi kinaondoka na mateka wake, kikiacha uchafu nyuma na mbwa wanaoula. Na Yusuf, ambaye amesalimika, ambaye hakuna aliyemwona, anasikia sauti kama ya milango ikikomewa nyuma yake, na anakimbia kukifuata kile kikosi.

Kijana wangu alifunga kitabu. Hakuna aliyesema kitu. Kisha binti akauliza, karibu kwa hasira, “Kwa nini anawafuata? Si wamewakamata wenzake?”

“Hakuwa na pa kwenda,” kaka yake akajibu. “Kwa tajiri ni rehani mpaka kufa. Huko angalau atakuwa mtu anayehesabiwa.”

Nikamwambia, “Mwanangu, hata mbuzi huhesabiwa.” Akacheka kidogo, lakini alikuwa amenielewa, nami nilikuwa nimemwelewa.

Alilala amechelewa kwa kuirekodi sura ile, na kwa mara ya kwanza kule Somalia walibishana siku mbili. Baba watoto alinisimulia. Mmoja wao, Mnubi ambaye ukoo wake umekuwa jeshini tangu zama za Emin Pasha, alisema hakuona ajabu yoyote: Wissmann wa Wajerumani aliandikisha Wasudani huko Misri mwaka 1889, Lugard wa Waingereza naye akawachukua askari wa Emin mwaka 1891, na hakuna aliyewauliza ugomvi huo ni wa nani. Watu walitafuta chakula, sare na jina. Koplo yule mlalamishi akasema Yusuf ni msaliti. Mwingine akasema Yusuf ni mtoto, na mtoto hawezi kuwa msaliti. Nilipoyasikia hayo nilifikiri juu ya babu yangu mzaa mama, aliyekuwa katika King's African Rifles na kupelekwa Burma kupigana na Wajapani. Alirudi na koti moja na maneno machache. Bibi alibaki na watoto watatu na shamba, na katika maisha yangu yote sijapata kusikia mtu akimwuliza bibi vita vile vilikuwaje.

Na wapagazi je? Vita ile ya 1914 hadi 1918 katika nchi zetu ilibebwa vichwani mwa watu. Walikufa kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na ile Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na jeshi hilo la wapagazi wa Mwingereza, na watu hununua nyanya humo bila kukumbuka.

Sasa turudi kwenye kipimo changu. Peponi kinamkumbuka anayebaki, tena kwa ukali. Tangu Yusuf aondoke kwao hamwoni tena mama yake, na msomaji hamwoni. Anaishi katika kumbukumbu ya mtoto tu. Nilipofika mwisho nilijua kwamba mahali fulani katika ile nchi ya kubuniwa kuna mwanamke ambaye hataambiwa kamwe kwamba mwanawe amekimbilia jeshini. Gurnah hakumwandikia sura yake, lakini pengo lake liliachwa wazi makusudi, nami nimekaa ndani yake usiku mwingi.

Baba yake aliongea na kijana peke yao mwezi wa Novemba. Sikusikiliza, ingawa ukuta wetu ni mwembamba. Baadaye kijana aliniambia kwamba baba hakumkataza wala hakumsukuma. Alimwambia tu kwamba tofauti kati yake na Yusuf iwe ni kuuliza: nani anatutuma, kwa nini, kwa muda gani, na nikianguka nani atakwenda kumwambia mama. Asiporidhika na majibu, asiende. Akiridhika, asije akasema alilazimishwa. Kijana ameyaandika maswali hayo nyuma ya daftari. Nafasi za kuandikisha zikitangazwa, nadhani atakwenda. Mimi sijasema ndiyo wala hapana, na yeye hajaniuliza mara ya pili.

Tangu hapo tumekuwa tukisoma Shaaban Robert, katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Baada ya mkewe Amina kufariki, mtu huyu aliketi akawaandikia watoto wake tenzi mbili za mawaidha, ule wa Hati kwa binti yake Mwanjaa na ule wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Binti yangu amelalamika kwamba msichana amepewa mambo mengi zaidi ya kujizuia kuliko ndugu yake, na nikizisoma tenzi zote mbili kwa pamoja naona ana hoja. Kijana anazisoma polepole na hasemi kitu. Mdogo anapenda vina tu, na amejifunza kuvitumia kuombea sukari.

Kabla sijaweka kalamu chini, nina ombi. Ile nakala yangu ya Wimbo wa Lawino imeliwa na mchwa kurasa za mwisho, na akina mama wa safu yetu wanataka kusikia Lawino anamalizaje. Nimeambiwa pia kwamba Okot alimwandikia Ocol jibu lake mwaka 1970, na yule dada wa jiko la gesi ameshajitolea kulisoma yeye. Aliye na nakala iliyo kamili ya kimojawapo, naomba anitumie kwa mkono wa mtu anayepita upande wa Jinja. Nitaifunika kwa gazeti hili hili, na nitairudisha baada ya wiki mbili.